Dagaa Wako Juani, Mtoto Yuko Ndani: Jinsi ya Kumsaidia Mtoto Mnene Aliyepungukiwa Vitamini D

Kazi yangu ni dagaa. Nanunua wabichi Igombe, ufukweni mwa Ziwa Victoria hapa Mwanza, nawaanika kwenye chanja, kisha nauza wakavu kwa magunia pale Mwaloni, Kirumba. Mwaka wa 14 huu. Jua ndilo mtaji wangu. Likikosekana siku mbili mfululizo, mzigo unanuka na hela imekwenda. Kwa hiyo siku daktari aliponiambia kwamba mwanangu wa miaka 9 ana upungufu wa vitamini D, vitamini ambayo mwili huitengeneza kwa jua, nilimjibu kwa ukali kidogo. Nikamwambia, "Daktari, sisi ni watu wa Mwanza. Jua tunalo mpaka la kugawa."

Hakubishana nami. Akachukua karatasi, akaniuliza siku ya mtoto inavyokwenda, saa kwa saa. Anaamka saa ngapi? Saa 10:30 alfajiri. Gari la shule linampitia saa 11:30, giza bado. Darasani mpaka saa 9:30, kisha masomo ya ziada. Mapumziko wanakaa kwenye ukumbi wa chakula. Anarudi saa 11 jioni, jua limeshalala upande wa ziwa. Jumamosi tuisheni. Jumapili kanisani, halafu televisheni na simu yangu, geti limefungwa kwa sababu mtaa wetu una bodaboda nyingi. Daktari akajumlisha. Kwa wiki nzima, ngozi ya mwanangu ilikuwa inaliona jua la mchana kwa muda usiofika saa moja.

Nililia njiani nikirudi. Dagaa wangu nawageuza juani mara tatu kwa siku, na mtoto nimemfungia ndani nikiamini ndiyo malezi mazuri.

Naandika haya kwa mzazi mwenye mtoto kama wangu: mnene, mvivu wa kucheza, anayelalamika miguu inauma, na ambaye watu wanamsifia kwamba ana afya. Tumeshatembea njia hii mwaka na nusu. Nitaeleza tulichofanya na kwa nini.

Kwa nini unene na upungufu huu vinakwenda pamoja

Nilidhani mtoto mnene ameshiba kila kitu. Sivyo. Vitamini D inayeyuka kwenye mafuta. Ngozi inaitengeneza ikipigwa na mionzi ya jua, ini linaibadilisha, figo zinaimalizia, na hapo ndipo utumbo unapata nguvu ya kufyonza kalsiamu ya kujenga mifupa. Sasa, mwili wenye mafuta mengi unaitawanya vitamini hiyo ndani ya mafuta yake, na kinachobaki kwenye damu ni kidogo. Fikiria chumvi inayotosha sufuria ya watu wawili, halafu uitie kwenye sufuria la msibani. Chumvi ipo, ila hakuna atakayeisikia.

Watafiti wa Boston, Marekani, walilionyesha hili mwaka 2000. Waliwaweka watu wazima, wanene na wasio wanene, chini ya mionzi ileile. Ngozi za wote zilikuwa na uwezo unaokaribiana wa kutengeneza vitamini, lakini kiasi kilichoongezeka kwenye damu ya wanene kilikuwa pungufu kwa asilimia 57. Na kwa watoto wa Marekani wa miaka 6 hadi 18, takwimu zilizochapishwa mwaka 2013 zilionyesha upungufu kwa asilimia 21 ya wenye uzito wa kawaida, asilimia 34 ya wanene, na asilimia 49 ya walionenepa kupita kiasi.

Mwaka huohuo wa 2013, utafiti mkubwa uliofuatilia vinasaba ulijibu swali ambalo nami nilikuwa nalo: kipi kinaanza? Ulionyesha kwamba unene ndio unaoshusha vitamini D. Kwamba upungufu wa vitamini unaleta unene, hilo halikuonekana. Shika jambo hili, kwa sababu dukani utaambiwa kidonge cha vitamini D kitampunguza mtoto mwili. Hakitampunguza. Kidonge kinatibu damu na mifupa. Mwili unapungua kwa chakula, mwendo na usingizi.

Kuna kipimo kimoja kilichonikaa moyoni. Mwaka 2012 yalichapishwa matokeo ya kupima damu za Wamasai na Wahadzabe wa nchi hii hii yetu, watu wanaoishi nje kutwa. Wastani wao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita. Mwanangu, mzaliwa wa mji wenye jua miezi 12, alikuwa na 27.

Anza kwa kumpima, tena nyumbani

Chukua uzi au kamba ya katani. Mtoto asimame wima bila viatu, kata kamba iwe sawa na urefu wake, kisha ikunje mara mbili. Izungushe tumboni, juu kidogo ya nyonga, bila kukaza. Ikishindwa kukutana, tumbo limezidi nusu ya urefu, na hiyo ni dalili ya mafuta mabaya ya ndani. Inafaa kwa mtoto wa miaka 6 na zaidi. Kamba ya mwanangu ilibakisha pengo la vidole vinne.

Halafu uzito na urefu. Gawanya kilo kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mwanangu alikuwa na kilo 42 na urefu wa sentimita 134, yaani mita 1.34. Mara yenyewe ni 1.796 hivi, na 42 ukigawanya unapata 23.4. Usilinganishe na namba za watu wazima, kwa maana kwa mtu mzima 23 ni uzito mzuri. Watoto wana majedwali yao ya Shirika la Afya Duniani, kwa umri na kwa jinsia, na kwa mvulana wa miaka 9 kamili, kuzidi 20.5 ni unene uliopitiliza. Muuguzi wa kliniki anayo jedwali, muombe akusomee. Kwa aliye chini ya miaka 5 hutumika uzito kwa urefu, na mistari yake iko kwenye kliniki hizohizo unazompeleka kwa chanjo.

Mtazame na shingoni. Ukiona weusi mzito kama mahameli nyuma ya shingo au kwapani, usimsugue na dodoki. Mimi nilimsugua mwanangu karibu mwaka mzima, nikimgombeza kwamba haogi vizuri, na ngozi ikachubuka. Ule si uchafu. Mara nyingi ni alama kwamba homoni ya insulini haifanyi kazi yake sawasawa, na mtoto anapaswa kupimwa sukari.

Kisha miguu. Upungufu mkali wa vitamini D au wa kalsiamu kwa mtoto anayekua huleta matege, vifundo vya mikono vilivyovimba, maumivu ya mifupa, na kwa wadogo kuchelewa kutembea. Lakini si kila matege ni vitamini. Kuna ugonjwa wa mfupa wa goti, kwa ndani, unaowapata zaidi watoto wazito walioanza kutembea mapema, na huo hauponi kwa vidonge. Unahitaji daktari wa mifupa na picha.

Jambo moja liandike ukutani ikibidi. Mtoto mnene akianza kuchechemea, au akisema nyonga, paja au goti linauma, usimpeleke kukimbia, usimkande, usimpe dawa ya maumivu ukangoja wiki. Kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kuteleza kwenye nyonga. Hutokea zaidi kwa watoto wazito wanaokaribia kubalehe au waliokwisha kubalehe, na maumivu yake hudanganya yakatokea gotini. Apumzike kabisa, siku hiyohiyo apelekwe hospitali, na uombe picha ya nyonga zote mbili. Kwa mwanangu ilikuwa salama, lakini daktari alikataa kutuambia habari ya mazoezi mpaka alipoiona picha.

Kipimo cha damu

Kipimo chenyewe kinaitwa 25-hidroksivitamini D. Sema hivyo hasa ukifika maabara, kwa sababu ipo vitamini D nyingine iliyokwisha pita kwenye figo, na hiyo inaweza kuonekana nzuri huku akiba imekwisha. Uliza bei kabla ya mtoto kuchomwa sindano, uliza kama bima yako inalipa, na uliza majibu yatasomwa kwa namba gani. Maabara nyingine huandika nanogramu kwa mililita, nyingine nanomoli kwa lita. Ukizidisha ya kwanza kwa 2.5 unapata ya pili. Mwanangu alipata nanogramu 11, ndiyo zile nanomoli 27. Wataalamu wa matege walikubaliana mwaka 2016 kwamba chini ya nanomoli 30 ni upungufu, kati ya 30 na 50 haitoshi, na zaidi ya 50 inatosha.

Daktari aliongeza kupima kalsiamu, sukari, mafuta ya damu na ini. Tulikwenda wakati wa mbalamwezi, kwa sababu siku hizo wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani na biashara yangu inalala. Mzazi mwenye kazi ya kutwa atanielewa: chagua siku ambayo huna haraka ya kurudi, maana maswali ni mengi na majibu yanataka utulivu.

Jua: angalia kivuli

Hapa ndipo nilipojua kwamba hata ushauri niliopewa na mama yangu ulikuwa na kasoro. Sote tumeambiwa jua zuri ni la asubuhi sana, la saa 1 na saa 2. Ni jua tamu, halichomi. Lakini mionzi inayotengeneza vitamini D ni ile inayoshuka jua likiwa juu. Likiwa chini, mionzi hiyo inapita kwenye hewa nyingi na karibu yote inaishia njiani.

Mtu wa dagaa angepaswa kujua. Saa 2 asubuhi dagaa kwenye chanja wanatoa maji tu. Kukauka wanaanza jua likishapanda.

Kanuni ni kivuli. Msimamishe mtoto kwenye tambarare. Kivuli chake kikiwa kirefu kuliko yeye, ngozi inapata kidogo sana. Kikiwa kifupi kuliko yeye, kazi inafanyika. Hapa Mwanza, mwezi wowote wa mwaka, kivuli ni kifupi kuanzia kama saa 4:30 asubuhi hadi saa 9 alasiri. Na jua letu halifiki utosini saa 6 kamili, linafika karibu saa 7, kwa sababu saa ya Tanzania imepangwa kwa mstari wa nyuzi 45 mashariki na sisi tuko kwenye nyuzi kama 33. Ndiyo maana asubuhi yetu inachelewa kuliko ya Dar es Salaam.

Tulichofanya ni hiki. Jumamosi nilimtoa tuisheni. Baba yake hakupenda, tukazungumza, akakubali kwa muhula mmoja wa majaribio, na mpaka leo hajarudi tuisheni wala hajashuka darasani. Siku hiyo anakwenda nami Igombe. Anavaa kaptura na singlendi, kichwani kofia. Kuanzia saa 4:30 anageuza dagaa, anabeba beseni, anafukuza kunguru, anakimbizana na watoto wa pale. Nusu saa hadi dakika 45 mikono na miguu iko wazi juani, kisha anaingia kivulini na kunywa maji. Jumapili baada ya ibada tunarudia, uwanjani au kwenye mawe nyuma ya nyumba. Ngozi yetu nyeusi inahitaji muda mrefu kuliko ngozi nyeupe, kwa sababu weusi wenyewe ni kinga. Lakini hata sisi tunaungua. Ngozi ikianza kuwasha au kuuma, muda umepita.

Siku za shule nilikwenda kwa mwalimu wa darasa. Nilimwamkia, nikamweleza, nikamwonyesha cheti cha hospitali. Nilimwomba jambo moja tu: mapumziko ya saa 4:30 watoto wale haraka kisha watoke uwanjani. Alikubali kwa darasa zima. Wazazi tunaogopa walimu bure, wengi wao wana watoto wenye shida hiihii.

Kioo hakipitishi mionzi hiyo. Mtoto aliyekaa kando ya dirisha la gari au la darasa anapata joto tu.

Sasa tahadhari, na hizi ni za huku kwetu. Mtoto mwenye ualbino usimweke juani kwa kanuni hii hata kidogo. Kanda ya Ziwa tunao wengi, na saratani ya ngozi inawaua mapema. Yeye anahitaji mikono mirefu, kofia pana, mafuta ya kinga, na vitamini yake aipate kwa maelekezo ya daktari. Mtoto mchanga naye asianikwe jua la mchana. Na ukimpeleka mwanao ufukweni, acheze mchangani, asiingie majini. Kwenye maji ya kina kifupi yenye majani kuna konokono wa kichocho. Usimtibu mifupa ukamletea kichocho.

Sahani

Ukweli wa kwanza: chakula peke yake hakimalizi upungufu huu. Mtoto kuanzia mwaka 1 anahitaji yuniti 600 za vitamini D kwa siku. Kiini cha yai moja kina kama 40. Samaki wanasaidia, na sato na sangara tunao, lakini mtoto hawezi kula samaki wa kutosha kila siku ya Mungu. Na usidhani unga au mafuta ya dukani yanaziba pengo: hapa nchini unga huongezwa madini ya chuma, zinki, asidi ya foliki na vitamini B12, na mafuta huongezwa vitamini A.

Kazi ya sahani ni mbili, kalsiamu na uzito.

Kalsiamu ndipo dagaa wanapoingia, na hapa nasema kwa fahari. Dagaa analiwa mzima, mifupa na kichwa, na kalsiamu iko kwenye mifupa hiyo. Nyama ya minofu haina kitu cha kulinganisha. Mtoto wa miaka 9 hadi 13 anahitaji miligramu 1,300 za kalsiamu kwa siku, na glasi moja ya maziwa ya mililita 250 ina kama 300. Huko Nigeria watafiti walionyesha mwaka 1999 kwamba watoto wengi wenye matege walikuwa wanakosa kalsiamu kwenye chakula zaidi hata ya jua, na walipopewa kalsiamu walipata nafuu. Kwa hiyo jua bila kalsiamu ni fundi asiye na tofali.

Namna ninavyopika: dagaa wakavu nawachambua, nawaosha kwa maji ya moto mara mbili kuondoa mchanga, nawachemsha kwa nyanya, kitunguu na ndimu, kisha natia vijiko viwili vya karanga zilizosagwa kwa sufuria ya watu watano. Siwakaangi. Dagaa wa kukaanga wanakunywa mafuta kama sponji. Pembeni matembele, mchicha, au nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa, ambazo bibi yake analeta kutoka Magu. Maziwa mgando glasi moja jioni, bila sukari. Wiki ya kwanza alikataa. Wiki ya pili nikamkatia ndizi mbivu humo, akanywa.

Ugali ndio ulikuwa vita. Kwetu tunakula kwenye sinia moja, na kwenye sinia hakuna anayejua mtoto amekula matonge mangapi. Nilimpa sahani yake. Nusu ya sahani mboga, robo ugali, robo dagaa au samaki au maharage. Akimaliza na bado ana njaa, anaongezwa mboga na dagaa. Ugali hauongezwi. Sisi nasi tukahamia kwenye sahani, kwa sababu ukimtenga mtoto mmoja unamfanya ajione mgonjwa au mwenye kosa.

Soda niliiondoa nyumbani kabisa. Chupa ya mililita 350 inabeba karibu gramu 35 za sukari, na ukimwambia mtu ale hiyo sukari kavu kwa kijiko atakataa. Juisi za boksi vilevile. Kilichonishinda kwa muda ni hela ya shuleni. Nilikuwa nampa shilingi 1,000, akinunua chipsi, biskuti na barafu. Sasa anabeba matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, au yai la kuchemsha na chungwa, na chupa ya maji. Matobolwa ni viazi hata hivyo, kwa hiyo nampimia vipande vinne.

Mwendo na usingizi

Saa ya jua na saa ya mazoezi msizichanganye. Jua la saa 11 jioni halimpi vitamini, lakini kutembea saa 11 jioni kunamsaidia uzito. Watoto wa miaka 5 hadi 17 wanatakiwa wachangamshe mwili dakika 60 kwa siku, kwa wastani. Tulimwomba dereva amshushe Pasiansi, na dada yake anampokea. Kutoka hapo wanatembea mpaka nyumbani, dakika 25 kwa mwendo wa kawaida. Mwezi wa kwanza walisimama mara nne njiani. Sitaki kukuficha, kuna siku alikaa chini akalia. Dada yake alikaa naye, wakanyanyuka.

Usingizi sikuufikiria kabisa. Mtoto wa umri huo anahitaji saa 9 hadi 12, na asiyelala vya kutosha hula zaidi kesho yake. Kama anaamka saa 10:30 alfajiri, hesabu mwenyewe: saa 1:30 jioni awe kitandani. Hatuwezi. Nilichofanya ni kulipia gari la zamu ya pili linalopita saa 12:30, na saa 2:30 usiku taa imezimwa, simu iko chumbani kwangu.

Vidonge na sindano

Kabla sijafika hospitali kubwa, zahanati moja ilimchoma mwanangu sindano ya vitamini D ya yuniti laki 3 bila kupima chochote, na mwezi uliofuata wakataka wamrudie. Nyumbani nami nilikuwa nampa dawa ya maji ya vitamini mchanganyiko asubuhi, na mafuta ya ini la samaki jioni. Daktari aliposikia alinyamaza kidogo. Vitamini hii mwili hauikojoi ikizidi, inakaa mwilini. Ikizidi sana inapandisha kalsiamu ya damu: mtoto anatapika, choo kinakuwa kigumu, kiu haiishi, anakojoa mara kwa mara, na figo zinaweza kuharibika. Mafuta ya ini la samaki yana na vitamini A, nayo ikizidi inaumiza ini.

Kwa hiyo beba chupa zote za nyumbani ukienda kwa daktari. Soma mahali palipoandikwa IU, ndizo yuniti. Kiasi kisichopaswa kuzidi kwa siku bila usimamizi ni yuniti 3,000 kwa mtoto wa miaka 4 hadi 8, na 4,000 kuanzia miaka 9. Mtoto mnene huhitaji mara 2 hadi 3 ya mwenzake kwa sababu ile ya sufuria la msibani, na anayetibiwa upungufu anaweza kupewa zaidi ya kikomo hicho kwa wiki kadhaa, lakini hiyo ni kazi ya daktari mwenye majibu ya damu mkononi. Dozi ya mwanangu sitaiandika, nisije nikawa chanzo cha mtu kuinakili. Kama mtoto wako anatumia dawa za kifafa, sema mapema, kwa sababu baadhi zinaimaliza vitamini D haraka. Kidonge apewe pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, kwetu ilikuwa ni baada ya dagaa wa karanga.

Rudia kipimo baada ya miezi 3. Chetu kilitoka nanogramu 11 kikafika 24. Tungeacha hapo, angeshuka tena, kwa sababu mafuta bado yapo. Akabaki kwenye dozi ndogo ya kila siku.

Maneno ya watu

Bibi yake alipokuja mwezi wa nne alimshika mashavu, akaniambia, "Mayu, mjukuu wangu mnamfanya nini? Watu watasema nyumba hii ina njaa." Sikumjibu vibaya. Namheshimu mkwe wangu, na wanawake wa rika lake wameona watoto wakifa kwa kukonda. Unene kwao ni amani. Nilimkalisha, nikamwonyesha kamba ya katani, nikamzungushia mtoto mbele yake. Kisha nikamwomba yeye ndiye awe msimamizi wa mboga. Tangu siku hiyo nsansa hazijakatika.

Mtoto mwenyewe usimwite bonge, hata kwa mapenzi. Wala usimpime uzito kila siku. Sisi tunampima mara moja kwa mwezi, na urefu tunauchora kwa penseli kwenye fremu ya mlango.

Lengo halikuwa kumkondesha. Kwa mtoto anayekua, uzito ukisimama huku urefu unapanda, inatosha. Sasa ana kilo 42.5 na sentimita 141. Ukigawanya unapata 21.4. Bado yuko kwenye mpaka, bado tunaendelea, na shingo imeanza kurudi rangi yake. Ile kamba mpya ya urefu wake inakutana tumboni ikiwa ameshusha pumzi.

Giza la mwezi limeanza juzi, dagaa wameingia. Jumamosi tunaondoka nyumbani saa 3 ili saa 4:30 tuwe kwenye chanja. Ameniambia safari hii anataka beseni kubwa.